Pampu Haina Mdomo

Alfajiri ile bomba la darini lilitoa maji ya moto, na moto ulikuwa haujawashwa.

Bi Somoe alikuwa amelifungua ili atawadhe. Alikinga viganja akingoja ubaridi, na maji yakamchoma hata akairudisha mikono kifuani. Akasimama akiyatazama yanavyotoa mvuke. Umeme ulikuwa umekatika tangu jana magharibi, kwa hiyo pampu ilikuwa kimya. Akachungulia dirishani. Nyuma ya jiko, pipa la kuchemshia maji lilikuwa na majivu tu chini yake, majivu ya vifuu vya jana, na paka alikuwa amejikunja juu ya majivu hayo, amelala.

"Alhamdulillahi," alisema, kwa kuwa hakujua aseme nini. Akafunga bomba, akatawadha kwa maji ya mtungini, akaswali.

Nyumba hiyo ipo Utende, si mbali na lango la hifadhi ya bahari. Mumewe Mbaraka aliijenga miaka ile wageni walipoanza kuja kisiwani kutazama matumbawe. Chini aliweka vyumba vya kupangisha. Juu, chini ya makuti, aliweka chumba kimoja kikubwa chenye bafu lake, na bafu hilo ndilo alilojivunia kuliko vyote. Kila asubuhi alikoka moto chini ya pipa, kisha akasimama uani, akakohoa kidogo, akauliza kwa sauti: "Somoe, maji yamepata moto?" Naye mkewe, mkono ukiwa chini ya bomba, alijibu kutoka juu: "Bado!" Ndivyo walivyoamkiana miaka yote ya ndoa yao.

Kisha Mbaraka akafariki. Aliugua kidogo tu, Mungu akamchukua. Bi Somoe akaingia eda, akahamia darini, kwa kuwa mwanamke wa eda hakai mahali wapangaji wanapopita. Eda haijaisha, binti yao Arafa akaja kwa mama kujifungua, kama ilivyo ada kwa uzazi wa kwanza. Akapata mtoto wa kiume. Haruni, mdogo wake Bi Somoe, alipomaliza kumwadhinia mtoto sikioni, Bi Somoe hakungoja mtu aulize.

"Mbaraka," alisema. "Jina lisitoke nyumbani."

Tangu siku hiyo alilitaja kutwa nzima. Mbaraka amelala. Mbaraka ameamka. Mbaraka ana njaa. Arafa alimwacha. Aliona kwamba mama yake anamwita mtoto, lakini macho yake yanatazama mlangoni.

Mzazi kwetu hukandwa kwa maji ya moto asubuhi na jioni mpaka arobaini ipite. Mkandaji alikuwa Bi Biubwa, mwanamke mnene mwenye mikono ya nguvu na mdomo usiopumzika. Shida ilikuwa bomba. Pipa lilikuwa mbali, na maji yaliyolala ndani ya paipu yalipoa. Ukifungua darini, unamwaga ndoo ya maji baridi, na nyingine, kabla ya moto kufika.

"Haruni, mwanangu," Bi Biubwa alimwambia siku moja, "mpaka maji yako yafike huku juu, mtoto huyu atakuwa ameshaposa."

Haruni alikuwa fundi bomba, amefanya kazi katika hoteli za wageni. Alicheka. "Subiri, Bi Biubwa. Hotelini wana dawa yake. Nitaweka paipu ya pili, ya kurudi. Maji yatapanda darini, yasipotumika yatashuka tena pipani, yatapanda tena. Pampu ndogo tu, kama nazi iliyofuliwa, itayazungusha mchana na usiku. Ukifungua, moto uko mlangoni unakungoja."

"Yasilale hata kidogo?"

"Yasilale."

"Masikini maji," alisema Bi Biubwa. "Hata punda anafunguliwa kamba."

Haruni aliifanya kazi hiyo kwa mapenzi, kwa kuwa dada yake alikuwa mjane na magoti yake hayakuweza tena ndoo na ngazi. Alizifunga paipu kwa makumbi na nyavu kuukuu zisipoteze joto. Siku ya kuwasha alisema "Bismillahi" kwa sauti, akabonyeza. Pampu ikaguruma taratibu. Darini Arafa alifungua bomba, akapiga kelele ya furaha. Maji yalikuja ya moto papo hapo.

Siku za kwanza zilikuwa za raha. Bi Biubwa alimkanda Arafa akiimba, na kila alipomaliza alichukua maji ya moto yaliyobaki, akasimama kwenye tundu la kutolea maji, akasema, "Bismillahi, tupisheni," akangoja kidogo, ndipo akamwaga. Hakuna mtoto wa pwani asiyefundishwa hivyo. Maji ya moto hayamwagwi chini kimyakimya. Walioko huko chini, wasioonekana, nao wana watoto.

Ndipo ikaja alfajiri ile ya maji ya moto bila moto. Bi Somoe hakumwambia mtu. Alidhani ni huzuni inamchezea.

Jioni yake Arafa alikuwa ananyonyesha. Akasikia mtoto analia. Akamtikisa wake kidogo, akisema, "Nyamaza, baba, nyamaza." Kisha akatazama chini. Mtoto wake alikuwa kimya, ziwa mdomoni, macho yamefumba.

Kilio kilikuwa ukutani. Kilipanda na paipu kutoka chini, kikapita nyuma ya kitanda, kikaenda bafuni, kikashuka tena.

"Mama," alinong'ona. "Unasikia?"

"Ni pampu."

"Pampu haivuti pumzi, mama."

Bi Somoe alisikiliza. Kweli, kati ya kilio na kilio palikuwa na kituo, kama cha mtoto mchanga anayetafuta pumzi ya kulilia tena. Akachukua mvuje, kinga ya watoto wachanga, akamfunga mjukuu kifundoni mwa mkono, akafukiza udi. Udi ulinukia mara moja tu. Baada yake chumba kikajaa harufu ya nywele zilizoungua.

Kesho yake mchana, mpangaji wa chini, Laurean, kijana wa Bukoba aliyefanya kazi ofisi ya hifadhi, alisimama chini ya ngazi. Alijua desturi, hakupanda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba," Bi Somoe alijibu nyuma ya pazia. "Hujambo?"

"Sijambo. Nisamehe kukusumbua ukiwa msibani. Kile kisima cha uani kinatoa mvuke."

"Kisima gani? Kile cha zamani? Kile hakina maji tangu enzi za babu zake marehemu."

"Nimeona kwa macho yangu, mama, jua la utosi. Mvuke unatoka pembeni ya mfuniko. Nilidhani mtu ametupa moto humo, nikasogea." Akashusha sauti. "Pana mtu anabembeleza mtoto humo chini. Sikungoja. Nimefanya ishara ya msalaba, nikaja kukwambia."

Kabla Bi Somoe hajajibu, nyuma yake Arafa alipiga ukelele.

Kisigino cha mtoto kilikuwa chekundu, kimevimba malengelenge, kama kilichochovywa katika maji yanayochemka. Wala hakuwa ameogeshwa siku hiyo. Kulipokucha wekundu ulikuwa umepanda mpaka kifundo cha mguu. Laurean aliwapeleka Arafa na mtoto zahanati kwa pikipiki, na nesi alipomtazama mtoto alimtazama na mama yake kwa jicho baya. "Mama, maji ya mtoto hupimwa kwa kiwiko. Hukufundishwa?" Arafa alilia njia nzima ya kurudi. Dawa ya kupaka waliyopewa waliipaka. Jioni wekundu ulikuwa umefika gotini, umenyooka ukingoni kama mtu amepima, mguu wa pili nao umeanza, na wote nyumbani waliona, ingawa hakuna aliyethubutu kulisema, kwamba mtoto yule anazamishwa polepole katika maji ambayo hayakuwapo, na kwamba maji hayo yakifika kifuani hakutakuwa na dawa.

Bi Biubwa alipofika hakuimba. Alinusa chumba, akaweka sikio kwenye paipu, akamwita Haruni.

"Paipu yako ya kurudi umeipitisha wapi?"

Haruni alitazama miguu yake. "Uani."

"Uani kuna mwamba mtupu, hakuchimbiki. Umeipitisha wapi?"

"Chini ya mfuniko wa kisima," alisema Haruni. "Njia ilikuwa wazi, bibi. Inaingia upande huu, inatokea upande ule."

Bi Somoe aliinuka. "Haruni! Marehemu hakukukanya?"

"Alinikanya nisichimbe pale, dada. Sikuchimba. Nimepitisha tu."

"Ulisema Bismillahi?" Bi Biubwa aliuliza.

"Nilisema. Siku ya kuwasha. Wote mlinisikia."

"Mara moja." Bi Biubwa alikaa chini kwa uzito, kama aliyechoka ghafla. "Mtu akimwaga maji ya moto, husema, na wa chini hupisha. Ya kwako yanapita kutwa kucha, na hakuna anayeyasemea. Pampu haina mdomo, mwanangu."

Haruni alikimbia kuizima. Akang'oa na waya. Pampu ikanyamaza, lakini paipu ukutani iliendelea kutetemeka, maji yakizunguka yenyewe, na kilio kikizunguka nayo. Jua lilikuwa linatua. Haruni akachukua mtaimbo na tochi, akausukuma mfuniko wa kisima.

Wote walimsikia akikohoa kwa mvuke. Aliona kiungo cha paipu, kilivyolegea, na tone la maji lililokuwa linaning'inia, likaanguka, likafuatwa na jingine. Akafuata tone moja kwa mwanga wa tochi mpaka chini kabisa, kwenye mawe makavu, na huko chini alimwona mwanamke amekaa, amempa mgongo, nywele zake zimetandaa juu ya mawe kama mwani maji yakikupwa, amepakata kitu kidogo magotini na anakitikisa, anakitikisa, na kila tone liliposhuka alikinga mgongo wake lisimpate aliyempakata, na mgongo huo, kutoka shingoni mpaka kiunoni, ulikuwa umebabuka wote. Haruni alirudi nyuma kwa makalio. Alipofika ngazini aliwaambia alichokiona.

Darini bomba lilijifungua lenyewe. Mvuke ukajaa bafu, ukatoka mlangoni, ukafunika taa, na Arafa akamkumbatia mtoto na kusogea naye mpaka ukutani, na Bi Biubwa akaanza kuisoma Ayatul Kursiy kwa sauti kuu, naye alikuwa hodari wa kuisoma, amewahi kuwatoa majini wengi kwa aya hiyo, lakini safari hii aliposoma alisikia sauti nyingine ndani ya mvuke, sauti ya mwanamke iliyochoka, inaisoma pamoja naye, neno kwa neno, bila kukosea, na alipomaliza sauti ile ikasema, "Amina."

Bi Biubwa aliteremsha mikono.

"Msomee tena!" Arafa alilia. "Mfukuze!"

"Nimfukuze kwa lipi, mwanangu? Huyu ni mja wa Mungu kama mimi. Huyu hafukuziki. Huyu ana haki yake anadai."

Katika mikono ya Arafa mtoto alikuwa ameacha kulia. Alihema kwa shida. Wekundu ulikuwa umepita kitovu.

Bi Somoe alimtazama mjukuu wake. Kisha akajitanda kanga, akachukua bakuli, akachota maji baridi ya mtungini, akatia marashi kidogo. Akachukua na mkeka.

"Dada, unakwenda wapi? Una eda!"

"Kisima kimo ndani ya ua wangu. Sitoki." Alishuka ngazi akishika ukuta. "Jirani yangu anauguza, nami sijaenda kumtazama mgonjwa."

Akatandika mkeka kando ya kisima. Joto lilimpiga usoni.

"Hodi," alisema.

Kilio kilinyamaza. Hata wadudu waliacha kulia.

"Karibu," sauti ilijibu kutoka chini. "Mmekuja leo."

"Tumechelewa. Tusamehe. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Anakwenda."

Bi Somoe alihisi machozi, na hakujua anamlilia nani. "Pole, mwenzangu. Aliyefanya ni ndugu yangu. Hakukusudia. Paipu itakatwa usiku huu. Nimekuletea maji baridi."

Akasema, "Bismillahi, tupisheni," akayamimina taratibu. Hakusikia yakifika chini. Ni kama yalipokewa.

"Wa kwako naye anakwenda," sauti ilisema. Haikuwa na hasira, na hilo lilimtisha zaidi. "Wa kwangu akifika, wa kwako atafuata. Mimi sipendi. Ndivyo ilivyo."

"Mwite arudi," alisema Bi Somoe. Kwetu anayezimia huitwa kwa jina lake, tena na tena, mpaka arudi. "Mwite kwa jina."

"Hana jina. Alikuwa hajafika siku ya kuitwa. Sina cha kumwitia." Kisha sauti ikasogea, kama iliyopanda mawe machache. "Nyumbani kwako kuna jina. Nalisikia kutwa. Unalitaja hata kama huna la kusema. Jina linalopendwa hivyo mtu hulirudia hata akiwa mbali."

Bi Somoe alielewa ni jina lipi.

"Hilo ni la marehemu mume wangu."

"Najua. Alikuwa mwema kwetu. Nipe. Lakini ukilitoa limetoka. Usimwite nalo mtoto wako, wala usimtaje nalo yule aliyelala, ndani ya ua huu. Atakayelitaja, wa kwangu ndiye atakayeitika."

Juu, Arafa alipiga yowe la mtu anayeona pumzi ya mwanawe inakatika. Bi Somoe aliinama juu ya kisima, akavuta pumzi, akaita kwa sauti yake yote, kama alivyotamani kuita siku ile jeneza lilipotoka mlangoni na wanawake wakamziba mdomo:

"Mbaraka! Mbaraka! Rudi, Mbaraka!"

Chini kabisa, mtoto akapiga chafya. Kisha akalia, kilio cha njaa, cha kawaida. Na darini, wakati huohuo, mwingine akalia hivyohivyo.

Usiku ule Haruni alizikata paipu zote mbili na kurudisha mfuniko. Mpaka arobaini ilipoisha alipandisha ndoo za maji ya moto yeye mwenyewe, na Bi Biubwa hakumtania hata mara moja. Mtoto akaitwa Jumanne, kwa kuwa ilikuwa siku hiyo. Alipona. Kovu lilibaki tangu miguuni, limekoma juu ya kitovu, sawasawa, kama alama ya maji ukutani baada ya mafuriko. Arafa akarudi naye kwa mumewe Kilindoni. Bomba la darini halikung'olewa. Limebaki ukutani, halijaungwa na kitu.

Bi Somoe alitimiza eda yake. Katika dua alimtaja mumewe kuwa ni marehemu baba Arafa, na akitaka kulitaja jina alikwenda kaburini, nje ya ua. Lakini mwaka wa pili, jioni moja ya mvua, akiwa bafuni na ndoo yake, upweke ulimzidi. Akalitamka, taratibu, mara moja.

"Labeka," bomba likajibu. Sauti ya mtoto mdogo.

Alijifunika uso kwa kanga, akasoma mpaka kukacha. Aliapa hatarudia. Alirudia. Si mara nyingi. Mara moja kwa mwaka, pengine miwili, kama mtu anayegusa jino bovu kwa ulimi. Kila mara sauti ilikuwa imekua. Ilikuwa ya mvulana, kisha ikakwaruza kama ya wavulana wanaobalehe. Jumanne naye huko Kilindoni alikuwa anabalehe.

Mwaka huu Bi Somoe hakulitaja. Anaapa kwa Mungu kwamba hakulitaja. Aliamka alfajiri, akawasha moto chini ya sufuria, akapandisha ndoo yake ya maji pole pole, magoti yakimuuma, akakaa kwenye kigoda cha bafuni apumzike kabla ya kutawadha. Bomba lilikuwa kavu mbele yake, limefanya kutu.

Ndani ya bomba mtu alikohoa kidogo. Sauti ilikuwa nzito, ya mwanamume mzima, nayo aliijua kama anavyoijua Fatiha.

"Somoe, maji yamepata moto?"

Alijua si yeye. Alijua aliyemzika, na alipozikwa, na nani aliyeshika upande wa kichwani. Aliyajua yote hayo. Akanyoosha mkono, akaukinga chini ya bomba, kama zamani.

"Bado," alisema.